Dumu Nusu, Si Dumu Zima

Kila mwaka shule zinapofungwa, chuo kikuu huja Ihanda kufundisha watu wazima kwa wiki moja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kanoni, na sikuwahi kukosa. Mwaka juzi nilimshawishi jirani yangu tufuatane. Ni mjane, mkulima. Wazazi wake walitoka Rwanda, na Kiswahili chake huingiliwa na Kinyambo, lugha ya huku alikokulia, kila anapochangamka.

Siku ya pili tulifundishwa kuhifadhi maharage. Mhadhiri, kijana wa rika la kitinda mimba wake, hakuwa amempa hata shikamoo. Alitaja dawa za kununua, moja baada ya nyingine. Jirani yangu akanyoosha mkono.

"Mimi sinunui dawa," alisema. "Naweka maharage kwenye dumu, nusu tu. Asubuhi nalibingirisha, jioni nalibingirisha. Kidudu akianza kutoboa, punje inageuka. Anaanza upya, anaanza upya, mpaka anakufa."

Mhadhiri akacheka. "Mama, maharage hayabembelezwi kama mtoto. Hapa tunafundisha sayansi."

Ukumbi ukacheka naye. Jirani yangu akaketi, akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Nami, nakiri, niliinamisha kichwa badala ya kumtetea. Lakini nilimwona mhadhiri akiandika kitu kwenye daftari lake.

Mwaka jana jirani yangu alizuiwa mlangoni. Safari hiyo walitaka cheti cha darasa la saba, naye aliishia la tatu. Akapanda bodaboda, akarudi shambani. Niliingia peke yangu, nikapewa kijitabu, nikafungua. Mwanamke amechorwa akibingirisha dumu kwa mguu! Chini yake: "Mbinu iliyobuniwa na wataalamu wetu."

Nilisimama, nikauliza mwenye mbinu hiyo ni nani.

"Mwalimu, maarifa hayana mwenyewe," mhadhiri yule yule alijibu.

"Yanaye. Mmemfukuza hapo mlangoni asubuhi hii."

Akaendelea na somo kana kwamba sikusema kitu.

Jioni nilimpelekea jirani yangu kijitabu, nikamsomea. Nilidhani atalia kwa kuibiwa. Yeye alinisimamisha katikati.

"Rudia hapo. Wamesema dumu lijazwe mpaka juu?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Likijaa punje hazigeuki! Watu watabunguliwa maharage yote, watoto wao watakula nini?"

Kesho yake, wakati wa chai, nilipita meza kwa meza na kalamu nyekundu. Nilikata "mpaka juu", nikaandika "nusu", na pembeni: "Mbinu ya mama mmoja wa Kanoni." Wengi walinipa vijitabu vyao wenyewe. Mhadhiri akanijia mbio.

"Unaharibu mali ya chuo!"

"Nasahihisha. Ndiyo kazi yangu."

Mwaka huu orodha ya washiriki ilibandikwa ofisi ya kata. Niliisoma mara mbili kuanzia juu mpaka chini. Jina langu halimo.