Presha ya Justa

Rozina Okwach alikuwa fundi cherehani wa Igoma, na meza yake aliiweka barazani kwenye duka la nafaka. Alikuwa ameshona sare za shule, magauni ya send-off na majoho ya kwaya. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angepata kazi ya kuugua.

Kazi hiyo aliletewa na mteja. Dokta Teodora Luhaga, daktari wa kituo kimoja cha afya upande wa Buhongwa, alifika kuchukua gauni lake akamkuta Rozina anamsimulia jirani jinsi bibi harusi mmoja alivyogombana na shangazi zake juu ya shingo ya gauni. Rozina alisema kwa sauti ya bibi harusi, akageuka akawa shangazi mkubwa, akageuka tena akawa shangazi mdogo anayechochea. Daktari alisimama, gauni mkononi, hadi kisa kikaisha.

"Mama Atieno," akasema, "wewe ndiye mtu ninayemtafuta."

Akamweleza. Alikuwa anafanya utafiti juu ya namna wanachuo wa udaktari wanavyoongea na wagonjwa kwenye zahanati na vituo vya afya, kule watu wanakoanzia kabla hawajafika hospitali kubwa. Alitaka kujua kama mwanachuo aliyefundishwa kusikiliza humfanya mgonjwa aondoke na nafuu moyoni, au kama hayo ni maneno ya darasani tu. Hakupenda wajifunzie kwa mtu mwenye maumivu. Alihitaji mtu mzima mwenye afya yake aigize mgonjwa, ili kila mwanachuo akutane na mgonjwa yuleyule mwenye maneno yaleyale.

"Yaani niwadanganye?"

"Hapana, uwaigizie. Wao wenyewe wanajua."

"Sasa kama wanajua, unapima nini?"

"Njoo utaona," daktari akasema.

Mgonjwa aliitwa Justa, mkulima wa Bujora. Justa alikuwa na presha ya kupanda, akaacha dawa kwa sababu alijiona amepona. Alikuwa pia na mtoto mmoja wa kiume aliyekwenda kutafuta maisha machimboni Geita na hapigi simu. Hilo la mtoto Rozina asilitaje mpaka mwanachuo aulize vizuri. Rozina aliyakariri yote kwa jioni moja, huku anakata kitambaa. Yeye mwenyewe alizaa wasichana wawili: Atieno anayesomea ualimu, na mdogo wake aliye bado shule ya msingi. Mtoto wa kiume hakujaliwa, wala halikuwa jambo la kumkosesha usingizi.

Siku ya kwanza kituoni, wanachuo wa mwanzo waliuliza kichwa, wakauliza chumvi, wakauliza dawa, wakashukuru wakatoka. Mtoto wa Justa alibaki machimboni bila kutajwa. Kisha akaingia kijana mmoja mrefu, Masele, asiye na haraka hata ya kuvuta kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliuliza ya kichwa kama wenzake. Halafu akauliza: "Nyumbani unaishi na nani, mama?"

Rozina akasema kama alivyofundishwa, kwamba mtoto yupo ila ameondoka, na simu hapigi.

"Anaitwa nani?"

Jina halikuwemo katika maelezo ya daktari. Rozina akafungua mdomo, na jina likatoka lenyewe. "Kashindye."

"Kashindye anapenda kula nini akiwa nyumbani?"

"Michembe," akasema. "Michembe ya viazi vya kukausha, na karanga. Anakula amesimama, hakai." Akahisi mashavu yamelowa. Akashangaa, maana kulia hakukuwa katika makubaliano. Masele hakumwambia anyamaze, wala hakutazama mlangoni. Alikaa tu naye. Baadaye akamfunga mkanda wa kipimo mkononi, kama zoezi lilivyotaka, akasoma, akapiga tena pampu, akasoma mara ya pili. Akaomba radhi, akaenda kumwita daktari.

Rozina alidhani hilo nalo ni sehemu ya mchezo. Daktari alipoingia na kumwambia apumzike kwanza, akaitikia kwa sauti ya Justa. Alipopimwa tena, daktari akamwita kwa jina lake.

"Rozina, hii ni yako."

"Ipi yangu?"

"Presha. Iko juu. Nataka urudi nikupime siku nyingine, tusiamue kwa leo tu."

Akarudi siku nyingine, na nyingine tena, na bado ilikuwa juu. Akapewa vidonge na maelekezo.

Nyumbani alimweleza mumewe. Okwach alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache, lakini haya yalimgusa.

"Umekaa kule unasema naumwa, naumwa," akasema. "Mdomo huumba. Umeita, imekuja."

"Nimesema Justa anaumwa. Sikusema mimi."

"Na mdomo unaosema ni wa nani?"

 Vidonge Rozina akaviweka nyuma ya kopo la nyuzi, na pale vikakaa. Aliwaza hivi: kama ugonjwa ni wa Justa, mimi nikimeza dawa nitakuwa nimeupokea uwe wangu. Akawaza tena upande wa pili: kama ni wangu, ulikuwa wapi siku zote? Kichwa hakikuwahi kumuuma zaidi ya kawaida. Mbaya zaidi, kulikuwa na habari ya Kashindye. Alikuwa akikanyaga cherehani, anajikuta anajiuliza kama kule machimboni amepata pa kulala. Akijikumbusha kwamba hakuna mtu kama huyo, moyo haukupoa, ulizidi kuchanganyikiwa. Unamwombeaje mtu asiyekuwepo? Na usipomwombea, unamwacha na nani?

Alirudi Buhongwa kwa zamu yake ya kuigiza, maana alikuwa ameahidi. Aliingia mwanachuo mwingine, msichana mwenye sauti ya upole aitwaye Hellen.

"Bi Justa, kwa nini uliacha dawa?"

"Nilijiona mzima," Rozina akajibu, maneno yaleyale ya siku zote. Akaishia hapo. Akamtazama msichana, akatazama mikono yake mwenyewe. "Samahani, mwanangu. Sijui hapa anayejibu ni nani."

Hellen alidhani anapimwa. "Unaweza kunieleza zaidi, mama?"

"Dawa ziko nyumbani nyuma ya kopo. Sijazimeza hata moja. Huyo ni mimi, siyo Justa. Au ni sisi wote, sijui."

Daktari, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza, akamwomba Hellen atoke. Akavuta kiti karibu.

"Presha haina kelele, Mama Atieno. Huenda umekuwa nayo miaka. Justa hakukupa. Masele amekukuta nayo tu."

"Na machozi? Nayo alinikuta nayo?"

 "Hilo silijui. La presha nalijua, na dawa yake naijua. La machozi sijui, na sitaki nikudanganye."

"Basi mpigishe simu. Kashindye. Andika kwamba amepiga, yuko salama."

"Siwezi, Rozina. Wanachuo wote lazima wakutane na Justa mmoja, la sivyo utafiti utaharibika."

Rozina alikasirika, kisha akaona haya kwa kukasirika juu ya mtoto wa kuandikwa. Siku ile ile daktari alimpumzisha kazi ya kuigiza. Na katika utafiti wake akaongeza swali ambalo halikuwemo: hawa wanaougua kwa niaba ya wengine, wakirudi nyumbani wanakuwaje? Alimuuliza Rozina kwanza. Rozina akasema akipata jibu atamletea.

Vidonge alianza kuvimeza kesho yake, na chai. Havikumbadilisha chochote alichoweza kukihisi, na hilo nalo likamtatiza: alikuwa mzima akiwa mgonjwa, na sasa anatibiwa bado ni mzima vilevile. Lakini kipimo kilianza kushuka.

Nafasi ya Justa ilichukuliwa na Modesta, mama wa kwaya kutoka Kisesa. Rozina aliomba kukaa pembeni asikilize. Mwanachuo alipouliza jina la mtoto, Modesta akasema bila kusita, "Shigela. Anapenda wali." Rozina akainuka taratibu, akatoka barazani, akakaa peke yake kwa muda. Hakuweza kusema kama ni wivu au ni msiba.

Okwach alipoona dawa zinamezwa kila asubuhi na mkewe hafi, akakubali kwenda kupimwa naye. Masele ndiye aliyemfunga mkanda. Presha yake ilikuwa sawasawa.

"Pima tena," Okwach akasema. Ikapimwa, ikawa ileile. Akakaa pale anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Chumvi naongeza mimi mezani, kila siku. Presha inampata yeye. Hebu nieleze, daktari."

Masele akavuta kiti, akaanza kumweleza, na Rozina akasogea karibu ili naye asikie.