Kumfundisha Mkamwana Kukanda Unga

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa na shule yangu ikaishia hapo, darasa la pili. Sitaki mtu anionee huruma kwa hilo. Nilichota maji, nikapasua kuni, mwisho nikaingia jiko la nyumba ya wageni pale Matema, na mpishi wa pale akanifundisha unga wa piza. Vyote nilivyo navyo vimetoka kwenye unga huo.

Unga wangu hauna haraka. Hamira naweka kidogo sana, maana kwa joto la kwetu ukizidisha, asubuhi unakuta beseni limefurika na unga unanuka pombe. Nakanda jioni, nafunika, nakalisha beseni kwenye mchanga uliolowa nyuma ya mtungi. Unachachuka polepole mpaka kesho yake jioni. Ubonyeze kwa kidole. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi taratibu, washa tanuri. Lisiporudi kabisa, umechelewa.

Kazi hiyo nilimwachia mwanangu wa pekee. Mwaka juzi aliugua tumbo, akafa. Aliacha mke na watoto wawili wadogo. Kaka za yule mke wakaleta maneno kutoka kwao Ngana kwamba watamchukua dada yao, kwa sababu hapa atakula nini. Nikasema atakula kwa mikono yake. Nilitaka wajukuu wangu wakulie ninapowaona.

Sasa, kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hapiti nilipo, sipiti alipo, hatusemezani. Vijana siku hizi wanacheka. Wacheke, mimi sikulelewa nao. Ila kukanda utamfundishaje mtu usiyemwona? Unga wa haraka ungetushinda. Huu wa polepole ulitupa nafasi. Yeye alikanda jioni, akaacha beseni penye mchanga, akaingia ndani kwake. Asubuhi nilikuja mimi, nikakohoa kwanza ili asitoke, nikabonyeza, nikamtuma mke wangu na kasoro. Maji mengi. Hamira imezidi. Jana hakukanda, alikuwa analia tu, unga una mabonge.

Mke wangu alichoka kutumwa.

"Mzee," aliniambia, "unabonyeza unga wa mtoto wa watu kama unapima ng'ombe wa mahari."

Nikamwambia kama anaona ni rahisi akande yeye. Akacheka. Tangu mazishi nilikuwa sijamsikia akicheka.

Ilipofika mavuno ya mpunga, nilibonyeza, sikuona kasoro. Shimo lilirudi kama langu. Wageni wa Matema walikula, wakaagiza tena. Nikajua wajukuu wamebaki.

Kaka zake walikuja hata hivyo. Hawakuja kwa ugomvi. Walikaa, wakala, wakasema dada yao sasa ana kazi mikononi, na nyumbani watamjengea tanuri. Nilimtuma mke wangu akamuulize mwenyewe anatakaje. Mke wangu alirudi, akanionyesha jikoni kwa kidevu. Mkamwana alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa jiko, akajibu kwa kinywa chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya:

"Baba, hapa kila nikikanda namwona marehemu. Kule nitakanda unga tu. Ndaga, asante kwa kazi."

Mimi niliyemfundisha ili abaki ndiye niliyempa cha kuondokea. Nikasema, "Hamira usiiweke pamoja na chumvi."

"Sawa, baba."

Asubuhi waliondoka na watoto. Nilikaa chumbani mpaka nikasikia pikipiki zimefika mbali, kwa sababu ndiyo desturi.

Leo nina nyumba ya bati ya vyumba vitatu, imelipiwa yote. Nina migomba, mikakao nyuma ya nyumba, jaruba la mpunga, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Nina tanuri la matofali na mabeseni manne. Nina mke. Nina kaburi la mwanangu, limesakafiwa kwa saruji. Wajukuu wako Ngana.