Siku Mama Pingu Alipoziba Kituo Chake

Wenye magari walimwita Mama Pingu, na usidhani walikuwa wanamsifu. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kituo cha basi nyuma ya soko la nguo, fulana ya kung'aa mwilini, filimbi shingoni, na kuhakikisha hakuna gari dogo linaloegeshwa pale basi linapotakiwa kusimama. Ukimkaidi, alivuta kutoka kibandani mwake chuma kizito cha rangi ya njano, akakikumbatisha na tairi lako, akabana, kikalia kwacha! Hiyo ndiyo pingu yenyewe. Ikishalia hivyo, gari halitoki hapo mpaka aje Mzee wa Funguo na pikipiki yake.

Maana anayefunga haachiwi ufunguo. Ofisi iliamua hivyo baada ya askari fulani wa zamani kuonekana wakifunga na kufungua kwa sababu wanazozijua wenyewe. Mama Pingu alifunga tu. Kufungua ilikuwa kazi ya yule mzee, aliyezunguka vituo vya mji funguo zikimning'inia kiunoni.

Watu walisema ana roho ngumu. Kila dereva alikuwa na "dakika moja tu, mama", na mama alikuwa ameshatia pamba masikioni. Lakini hebu nikuulize wewe unayedhani kituo cha basi ni uwanja wa baba yako: umewahi kumtazama bibi mwenye magoti mabovu akishushwa katikati ya barabara kwa sababu basi limekosa pa kuingia? Basi likigusa ukingo wa njia ya miguu, bibi anatoka mlangoni, anakanyaga ukingo, anakwenda zake. Likisimama mbali, anashuka chini kabisa, halafu apande tena, na pikipiki zinapita kwenye upenyo huohuo kati ya basi na ukingo bila hata haya. Mama Pingu alikwisha kuwaona watu wakianguka pale. Ndiyo maana hakucheka na mtu.

Na nyumbani kwake kulikuwa na mtu aliyeuogopa upenyo ule kuliko wote. Mumewe.

Alikuwa fundi wa kushona, na hata mkewe alimwita Fundi. Sukari iliula mguu wake wa kushoto mpaka madaktari wakaukata juu ya goti, na tangu atoke hospitali alikuwa hajavuka kizingiti cha mlango. Si kwamba hakuweza. Magongo alikuwa nayo, na chumbani aliyatembelea vizuri. Alikuwa anaona haya. Mtu aliyezoea kuwapima watu viuno huku akiwatania, sasa alikaa kitandani akitazama ukuta. Ukimuuliza kesho tupike nini, anakujibu, "Kesho mtaiona nyinyi." Jibu hilo lilimkata mkewe maini kila aliposikia.

Rafiki yake wa kazi alikuwa amemtunzia cherehani ya umeme, inayotaka mguu mmoja tu, kwenye duka linalotazamana na kituo kilekile. Ilikaa pale imefunikwa kitambaa, inamngoja yeye. Alibembelezwa, akagoma, akabembelezwa tena, hatimaye akakubali, lakini kwa masharti.

"Nitapanda basi peke yangu," alisema. "Sitaki kushikwa, sitaki kubebwa kama gunia. Na nikishindwa kushuka pale, nageuka na basi lilelile, na habari za kutoka nyumbani ziishe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba watoto. Wewe njoo tu. Basi litagusa ukingo. Hilo niachie mimi."

Kupanda hakukuwa na taabu, kwa sababu mabasi yalianzia safari karibu na kwao na yalisimama vizuri yakingoja abiria. Taabu ilikuwa kushuka. Asubuhi ile Mama Pingu alifagia kituo, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kilikuwa kituo kifupi, mbele mtaro usio na mfuniko, nyuma vyuma vya kuzuia watu wasivuke ovyo. Basi lilikuwa na nafasi moja tu ya kuingia.

Simu ikalia. Binti yake. "Mama, baba ameshapanda. Amevaa lile shati lake la kola." Mama Pingu akageukia ukutani ili watu wasimwone machozi. Alipogeuka tena, gari dogo la bluu limetulia katikati ya kituo, na mwenyewe anaingia duka la dawa.

Jamani! Siku zote za mwaka, iwe leo? Damu ikamchemka. Alipiga filimbi mpaka njiwa wakaruka, mtu hatoki. Mikono ikafanya ilichozoea kufanya: ikavuta pingu, ikakumbatisha tairi, ikabana. Kwacha!

Ile kwacha ndiyo iliyomzindua. Gari alilotaka liondoke, amelifunga lisiondoke.

Mwenye gari akatoka, bwana wa miwani, mfuko wa dawa mkononi. "Dakika moja tu, mama, ndiyo naondo..." Akaiona pingu. Hakugomba. Aliweka mfuko wake juu ya boneti, akasema taratibu, "Sasa mama, mimi nilikuwa naondoka. Anayeegesha hapa sasa hivi ni wewe."

Mama Pingu akatoa simu. Alimpigia Mzee wa Funguo.

"Nakuja, dada, niko njiani," mzee akasema, na nyuma yake kijiko kikasikika kikikoroga kikombe.

Wakajaribu kulisukuma, yeye na bwana wa miwani, bega kwa bega. Wapi! Walikuwa bado wanahema basi lilipokata kona.

Dereva alipiga honi, akangoja, akaona hakuna jinsi, akasimama sambamba na gari. Mlango ukafunguka usawa wa boneti. Fundi alikuwa amesimama hapo, magongo kwapani, shati la kola limenyooshwa. Akatazama chini. Akatazama gari. Akaitazama pingu, kisha mkewe.

"Nisamehe," mkewe akasema. "Nimelifunga mwenyewe. Ni mimi, baba watoto."

"Mzee, tukubebe?" kondakta akauliza. Fundi alimpa jicho moja, kondakta akarudisha mkono wake. Abiria wakaanza kunung'unika kwamba wanachelewa. Mama Pingu alishika filimbi kwa mikono miwili akingoja neno moja, twende, na neno hilo likitoka, basi, ukuta ule wa chumbani utakuwa umemchukua mumewe moja kwa moja.

"Limekaza?" Fundi akauliza.

"Nini?"

"Gari. Haliendi popote?"

"Halitikisiki. Tumelisukuma wawili."

"Dereva," Fundi akasema bila kugeuka, "lisogelee. Sogea tena. Kama unataka kulibusu."

"Rangi yangu!" akalia bwana wa miwani, lakini nani wa kumsikiliza.

Fundi akamkabidhi mkewe magongo, maana hayo tu ndiyo aliyoruhusiwa kushika. Akashika chuma cha mlangoni, akageuza mgongo, akakaa juu ya boneti vilevile anavyokaa kitandani kila siku. Akavuta mguu, akajisukuma kidogo, kidogo tena. Bwana wa miwani, mikono kichwani, akaukumbuka mfuko wake wa dawa, akauondoa mwenyewe kumpisha. Fundi akafika upande wa pili, mguu wake ukiwa juu ya ukingo, na hakuna aliyemgusa.

Alikaa pale akihema, jasho likimtiririka. Mabega yakaanza kutikisika. Mkewe alidhani analia, kumbe anacheka.

"Watu wa mji mzima unawazuia wasikae hapa," akasema. "Mimi umeniwekea kiti."

Basi zima likacheka, likaondoka. Mama Pingu alilia waziwazi, na sare yake, mbele ya madereva wote waliokuwa wakimwogopa.

Mzee wa Funguo akatokea, akainama kwenye tairi. "Ngoja nishuke kwanza!" Fundi akamfokea. Akachukua magongo, akasimama. Ng'ambo ya njia ya miguu, rafiki yake alikuwa mlangoni, kile kitambaa cha cherehani kiko mkononi mwake. Fundi akaanza kwenda, akasimama, akageuka.

"Lakini kesho, Mama Pingu, nataka ukingo wangu mtupu. Nisione hata baiskeli."

"Unasemaje?" akauliza mkewe, ingawa alikuwa amesikia vizuri sana.

"Nimesema kesho," Fundi akarudia, akaingia kazini.