Poza ni Poza

Mwaka niliorudi nyumbani Cimpunda, mjini Bukavu, na diploma yangu ya graduat, ile ya miaka mitatu ya chuo kikuu, mtaa mzima uliacha kuniita jina langu. Nikawa Gradué. Mwenye duka la sabuni aliniita Gradué, watoto wa jirani waliniita Gradué, na hata mama yangu, alipotaka nimwongezee makaa, alipaza sauti kutoka uani: "Gradué! Mbabula inazimika!" Nilikuwa nikingoja barua ya kupangiwa kazi kutoka Kinshasa. Barua haikuja, kwa hiyo nilikuwa na mchana mzima wa kufikiri, na mtu wa wasiwasi kama mimi hafai kuachiwa mchana mzima.

Tena mwaka ule cha kufikiria kilikuwepo. Akina mama wanaouza vitunguu ndio walioleta habari kwanza: huko Minova, kando ya ziwa, watu wanahara maji matupu na kufa kabla jua halijazunguka. Baadaye tukasikia kolera imefika bandarini kwetu, kisha sokoni Kadutu. Halafu asubuhi moja nilimwona baba mmoja wa mtaa wa juu akishushwa kwa machela ya miti, amefunikwa kitenge mpaka kidevuni, na wanaume wanne waliombeba wanateleza kwenye matope. Nilirudi ndani nikafunga mlango, kana kwamba ugonjwa ule hupiga hodi.

Sikuwa najihofia mimi sana. Nyumbani tulikuwa mama, dada yangu mkubwa, mimi, na mtoto wa dada, msichana mdogo ambaye alikuwa bado hawezi hata kukaa. Dada alikuwa ametoka Luhwindja, ambako mume wake alichimba dhahabu, ili ajifungulie mjini karibu na mama. Alijifungua vizuri. Lakini baadaye titi lake lilivimba likatunga usaha, akapasuliwa, akapata homa ndefu, na maziwa yakakauka. Mtoto akawekwa kwenye biberoni, chupa ya kunyonyea, na maziwa ya unga. Yaani kila tone lililoingia katika mwili ule mdogo lilikuwa maji yetu, na maji yetu mimi niliyajua. Robine, bomba la mtaa, ilikauka siku nyingi kuliko ilivyotoka. Tulichota kwenye chemchemi bondeni, na juu ya chemchemi hiyo, mlima mzima, vilipangana vyoo vya watu kama vichuguu.

Dispensari ilikuwa imetupa maneno matatu: chemsha, poza, kunywa. Yalisemwa kanisani baada ya misa. Yalisemwa Jumamosi kwenye Salongo, kazi ya lazima ya mtaa, tuliposimama na majembe tukizibua mifereji ya barabara, na citoyen mmoja, ofisa wa komini, aliyarudia kwa kipaza sauti mpaka watoto wakayafanya wimbo wa kurukia kamba. Mama aliyashika kama katekisimu. Alinunua makaa hata siku ambazo hatukununua nyama, na sufuria ya maji ya mtoto ilikuwa yake peke yake, hakuna kupikia mboga.

Mimi nilishughulikia yaliyobaki. Nilinawa mikono mpaka vidole vikachubuka. Nilifukuza nzi kwa gazeti. Niliacha kusalimia watu kwa mkono, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumtemea mtu mate. Nilipokutana na mzee njiani nilitia mikono mfukoni na kuinamisha kichwa, na habari zikazunguka kwamba diploma imenipandisha mabega. Msibani kwa jirani, beseni moja la kunawia lilipopitishwa kwa watu wote, maji yakiwa yameshageuka rangi ya chai, nilisema nimeshiba.

"Umeshibia wapi?" mama aliuliza kwa sauti, mbele za watu. "Ulikula vitabu?"

Pamoja na hayo yote, mtoto alianza kuhara. Alihara, akapona, akahara tena. Mama alisema ni meno. Nikatazama ufizi wa mtoto, laini kama ndani ya ua, hakuna jino lililokuwa njiani. Dada, kila aliponiona nimeinama juu ya mtoto, aliniuliza kwa macho. Maji yalichemshwa. Hilo nililiona mwenyewe: yalitokota mpaka kifuniko kikacheza. Basi ni nini? Nilishuku mpira wa biberoni, nikauchemsha. Nilishuku kijiko cha maziwa. Nilishuku mkono wangu mwenyewe, nikaacha kumbeba mtoto, naye akawa ananitazama kwa mbali kama mtu tuliyekosana naye.

Jibu nililipata mchana mmoja wa mvua, kwa sababu tu mvua ilinizuia kutoka. Mama alikuwa jikoni, na mtoto alikuwa ameanza kulilia chakula. Mama alitoa sufuria kwenye mbabula, akamimina maji yanayofuka mvuke kwenye jagi, nusu. Kisha akanyanyua bidoni, dumu letu la maji ya chemchemi, akajaza ile nusu nyingine. Akatumbukiza kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua biberoni.

"Maman! Uko nafanya nini?"

"Natayarisha biberoni. Weye huone?"

"Ile mayi ya bidoni unatia ya nini?"

"Ya kupoza. Ama unataka mutoto aungue ulimi?"

"Lakini ile haikuchemka!"

"Hii imechemka." Alinionyesha sufuria. "Imechemka mpaka imelia."

"Ukichanganya, yote inarudi kuwa mayi mubichi. Ni sawa na kutochemsha!"

Mama aliweka jagi chini taratibu, kama anavyofanya anapojua ana haki. "Dispensari ilisema: chemsha, poza. Nimechemsha. Niko napoza. Ni wapi nilikosa?"

"Poza ni kuiacha ipoe yenyewe, Maman."

"Kuacha ni kuacha," alisema. "Poza ni poza. Kule walikufundisha Kifaransa tu, Kiswahili hawakukufundisha?"

Nyumbani kwetu, tangu nikiwa mdogo, mtu akiwa bafuni akiita "nipozee maji," tulimpelekea ndoo ya maji baridi. Hakuna aliyewahi kumwambia asubiri. Kupoza ni kuongeza, ni kuchanganya, ni kazi ya mkono. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisikia neno lile kwenye Salongo wiki baada ya wiki nikalielewa kwa namna ya vitabu, na mama akalielewa kwa namna ya nyumbani, na wote wawili tuliitikia kwa kichwa. Nikawaza nyumba zote za mlima ule, mbabula zote zinazofuka moshi kwa bidii, bidoni zote zinazonyanyuliwa.

Sikupata muda wa kuwaza zaidi. Dada aliita kutoka chumbani.

"Ameharisha tena. Njooni muone. Iko kama mayi ya muchele."

Maji ya mchele. Kila mtu Bukavu alijua maana ya maneno hayo mwaka ule. Mama hakusema ni meno. Alimfunga mtoto mgongoni, akamwambia dada abaki kwa sababu kidonda chake kilikuwa bado kibichi, nami nikatoka nyuma yake nikiwa nimewashikilia kipande cha plastiki juu ya vichwa. Tuliteremka mlima ule kwa visigino. Maji mekundu yalipita kati ya miguu yetu. Kilichonitisha ni kwamba mtoto, aliyekuwa akipiga kelele muda mfupi uliopita, sasa alikuwa kimya kabisa. Kichwa chake kiliyumba mgongoni mwa mama kwa kila hatua.

"Analala," mama alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, analala," nilisema. Hakuna kati yetu aliyeuliza mwingine anajuaje.

Kwenye dispensari benchi la ukutani lilijaa akina mama wenye watoto, lakini walipotuona tulivyolowa walitupisha mbele. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya shingo. Alimlaza mtoto mezani, akamfunua. Akabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia, akaitazama ikirudi. Akapapasa utosi. Akamfungua mtoto mdomo kwa kidole kidogo akagusa ndani.

Mtoto alifumbua macho, akamwona mtu asiyemjua mwenye miwani, akaangua kilio kilichowageuza watu wote benchini.

"Aa!" muuguzi alisema, na uso wake ukafunguka. "Angalieni hapa. Analia na machozi."

Mtoto alikuwa amelowa mashavuni, na haikuwa mvua.

"Mutoto wa kolera haiko na machozi ya kutupa," muuguzi aliendelea, akitazama nepi. "Na hii haiko mayi ya muchele, haya ni maziwa tu hayakushika. Ana kuhara, ndiyo, lakini mwili iko na mayi bado. Tutamupa serum na kijiko, polepole, na mumuangalie vizuri leo. Kolera, hapana."

Nilijikuta nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, nikicheka au nikilia, sijui.

"Gradué, simama," mama alisema, ingawa naye alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Watu wako naangalia."

Muuguzi alichanganya serum, maji ya chumvi na sukari, akampa mama kijiko, kisha akauliza maswali yake ya kila siku huku akifunika chupa.

"Maman, mayi munachemsha?"

"Tunachemsha."

"Munapoza?"

"Tunapoza!"

"Vizuri sana."

Nilitaka kunyamaza. Ninapenda kunyamaza, ndiyo desturi yangu. Maneno mengi huyasema kichwani tu. Lakini niliona wazi kwamba wale wawili wangeagana hivyo, kila mmoja ameridhika, na kesho bidoni lingenyanyuliwa tena.

"Maman, mwambie unapoza na nini."

"Na mayi ya baridi," mama alisema. "Mutu anapoza na nini ingine?"

Muuguzi alicheka. Akatazama benchi ili wacheke naye, na hakuna aliyecheka. Kicheko kikamwishia mdomoni.

"Nanyi?" aliwauliza. "Munapoza na nini?"

"Na mayi," alisema mmoja.

"Mimi na ya robine," alisema mwingine kwa fahari. "Siyo ile ya bonde."

"Mimi ninaonja kwanza kama iko baridi muzuri," alisema wa tatu.

Muuguzi alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Kisha akasema, polepole kama anayejifunza yeye mwenyewe: "Hapana. Tuache ile neno. Chemsha, funika, ngoja."

"Ngoja mpaka saa ngapi?" mama alidakia. "Weye unaweza kungoja, miye ninaweza kungoja. Mutoto wa njaa atangoja? Njo maana tunapoza!"

Benchi lote lilikubali kwa sauti, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno peke yake halikuwa na lawama yote. Nyuma ya kila bidoni kulikuwa na mtoto anayelia.

"Basi utie biberoni ndani ya beseni," alisema muuguzi. "Mayi ya baridi inje, ya kuchemka ndani. Zisikutane hata kidogo."

Mama alifikiri. "Kama mukwe na mama mukwe wake," alisema mwishowe. "Wako nyumba moja, kila mutu anajua mwenzake iko pale, lakini hawagusane."

"Njo hivyo!" alisema muuguzi, na safari hii benchi lilicheka mpaka watoto wakaamka. Nilipopita bondeni siku chache baadaye nilisikia mwanamke nisiyemjua akimwelekeza mwenzake kwenye chemchemi: "Unafanya mukwe na mama mukwe, unasikia?" Sikusimama kumuuliza alilitoa wapi.

Tulipopanda mlima mvua ilikuwa imekatika. Dada alitungoja mlangoni, amejishikilia kwenye fremu. Mama alimwambia kutoka mbali, kabla hajauliza, "Haiko ile!" na dada akageuka akaingia ndani haraka ili tusimwone uso.

Kesho yake asubuhi mtoto alikuwa mzima wa kutosha kuwa na njaa, na njaa yake ilikuwa na hasira. Mama alichemsha, akamimina kwenye biberoni, akaifunika, akaisimamisha kwenye beseni la maji ya chemchemi. Tukakaa wote watatu kulizunguka beseni lile kana kwamba ni runinga.

"Imepoa?" mama aliuliza.

Niligusa. "Bado."

Mtoto alilia. Dada alimpakata, akamtikisa, akamwimbia, akalia zaidi. Jirani aligonga ukuta wa mbao: "Muko namuua huyo mutoto?"

"Hapana," mama alijibu. "Tunangoja mama mukwe."

Mkono wa mama ulienda kidogo kuelekea bidoni, nikauona, naye akaona kwamba nimeuona, akaurudisha mapajani.

"Gradué, uguse tena."

Niligusa tena. Ilikuwa bado ya moto kidogo, na nilisema bado. Nilimtazama mtoto akipiga kelele, uso umeiva, machozi yakimtiririka mpaka masikioni, mengi, ya kutupa. Nilimfuta kwa kidole. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa baada ya muda mrefu. Kisha nikainuka, nikalibeba bidoni, nikaenda kunawa mikono, maana mimi ni mimi, na nyuma yangu nikasikia mama anasema, "Sasa imepoa," na kelele zikakatika ghafla, kama redio iliyozimwa.