Wifi wa Chumba Namba Tatu

Muuguzi wa chumba namba tatu ana vidole vilivyobabuka kwa spiriti na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Kila asubuhi huifuta kamera mpya, ile inayopiga picha ya jicho na kusoma yenyewe dalili za kisukari, huku akiinung'unikia. Ameibatiza Wifi: bila mtandao hana kazi, na kasoro ya mtu haimpiti. Zamani wagonjwa walimfikia muuguzi wakipapasa ukuta. Siku hizi huwapeleka kwa daktari wakiwa bado wanatunga uzi kwenye sindano.

Leo mzee mmoja amegoma kuweka kidevu kwenye mashine.

"Mwanangu, hiyo haitaniunguza?"

"Nitazame mimi, babu." Akaweka chake, akapiga.

Wifi akawaka taa nyekundu. Muuguzi akasoma mara mbili, akakohoa kile kikohozi chake kinachotangulia habari mbaya. Kisha akavuta daftari la rufaa, akaandika jina lake mwenyewe.

"Ni mapema bado," akasema, kwa sauti ileile ya dawa. "Jicho linatibika."

Mzee akaweka kidevu bila kuambiwa.

"Nipige na mimi. Kama ni safari, usiende peke yako."