Nilimwita Mtoto Mpole

Nakumbuka asubuhi moja Lodwar, mwanangu, nikiwa bado mama mchanga wa kujiona. Mume wangu alikuwa amehamishiwa huku kikazi kutoka Bungoma, nami nikafungua kioski cha unga na sukari. Kifungua mimba wangu, Wekesa, alikuwa na miezi mitano. Shingo ilikuwa imekaza, alijigeuza mwenyewe mkekani, na akikuona tu anacheka. Jenereta ya jirani ilinguruma kutwa naye akalala fofofo. Nilijisifu kwa kila mteja kwamba nimejaliwa mtoto mpole.

Maziwa ya mbuzi tuliletewa na mama mzee Mturkana, Nakiru. Salamu ya huku ni ejok, na yeye alikuwa na desturi ya kumsalimu mtoto akiwa nyuma yake, kabla mtoto hajamwona. Siku hiyo alisimama nyuma ya Wekesa akasema ejok. Akarudia kwa sauti zaidi. Akagonga kibuyu. Mtoto aliendelea kuchezea kifuniko cha sufuria.

"Mama Wekesa, hii mtoto haisikii," akaniambia. "Peleka yeye kliniki leo."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia aangalie mbuzi zake, na tangu siku hiyo maziwa nikanunua kwingine. Kliniki nilienda, ndiyo, kwa chanjo. Nesi akiniuliza kama mtoto hugeukia sauti, nilijibu hugeuka. Kusema kweli niliogopa. Nilidhani nisipolitaja, halitakuwepo.

Alipofika mwaka na nusu bila kutamka hata mama, sikuwa na pa kujificha. Alipimwa, ikathibitika hasikii. Ndipo tukaanza kujifunza lugha ya ishara, yeye na mimi, nami nikawa mzito kuliko yeye.

Leo Wekesa ni fundi cherehani, ana duka lake Kakuma. Juzi aliniuliza nilijua lini. Nilimweleza yote, hata maneno ya Nakiru. Aliweka kando suruali aliyokuwa akishona, akaniambia kwa mikono, "Mwaka mzima, Mama, hatukuongea."



Basi mwanangu, mchunguze mtoto wako. Akifika miezi miwili atabasamu ukimchekea. Kwenye mwezi wa nne shingo iwe imara. Wa miezi sita ageuke ukimwita bila kukuona, na kufikia tisa awe anakaa bila kushikiliwa. Watoto hawalingani, wako wanaochelewa kidogo na hawana neno, lakini hilo aliseme anayejua kupima, si wewe na woga wako. Mtu akikuonyesha kasoro, usimfukuze. Mbebe mtoto uende kliniki, na nesi akiuliza, sema unachokiona.

Mungu akupe macho ya kumwona mwanao alivyo, akupe na moyo wa kumpenda vivyo hivyo.