Ngozi ya Kumbebea Mwanangu

Kwetu Kingi, kijijini milimani, miaka ile wazungu wangali wakitawala, ngozi ya kumbebea mtoto wa kwanza haikununuliwa. Aliyeitengeneza ni bibi wa yule mjamzito, upande wa mama, kwa mikono yake, na ole wako ujaribu kumsaidia. Tuliiita ngobi. Mimba yangu ya kwanza ilipokomaa, Koko, mama yake mama yangu, alichinjisha kondoo, akaiwamba ngozi juani, kisha akaketi mlangoni kuikwangua na kuipaka siagi. Macho yake hayakuwa mazuri tena. Nilipotaka kumpokea kisu alinifukuza kama kuku.

"Wee uzale tu," alisema. "Ngobi iko kazi yangu."

Kisu kikamkata kidole gumba. Alicheka, akakifunga kwa jani, akaendelea. Siku chache baadaye mkono ulivimba ukawa wa zambarau, kisha homa ikamtetemesha hadi kitanda kikalia. Wanaume walimbeba kwa tipoyi, machela ya miti, mpaka hospitali ya Masisi.

Daktari mzungu alipima damu. Muuguzi akatutafsiria: mikrobe ya kondoo, kijidudu cha ugonjwa, imeingia kwenye damu kupitia lile jeraha la kidole, na daktari mwenyewe hajawahi kuiona kwa mtu, ameisoma tu. Nilikasirika. Milima yote hii watu wanachuna kondoo tangu utoto, kwa nini Koko? Walimdunga penisilini, lakini mwili wake ulikuwa umezeeka na homa haikushuka.

Muuguzi akamvuta kando mama yangu, aliyekuwa amekuja nasi. "Mama, ile ngozi muichome. Isiguse mutoto."

Mama alirudi nyumbani akaichoma peke yake, akilia. Kwetu sijawahi kusikia mtu aliyechoma ngobi ya mtoto.

Mimi nilibaki kando ya kitanda cha Koko. Hatukumwambia. Homa ilipopanda alishika pindo la blanketi, akalisugua kati ya vidole vyake, polepole, vile alivyosugua ngozi mlangoni. 

"Ngobi pembeni ilikuwa ingali ngumu," alisema. "Sasa imelegea?"

"Imelegea, Koko."

"Ndiyo vizuri. Ulete mutoto, nimubebe."

 Niliushika mkono wake usiovimba nikauweka juu ya tumbo langu. Akaanza kulipigapiga taratibu, vile mtu anavyombembeleza mtoto aliye mgongoni. Alilala hivyo, mkono wake juu ya mwanangu, na hakuamka tena.